Kamera Haijui Feki Mpaka Uionyeshe Halali

Maneno haya niliyasema Uyole, Mbeya, kwenye mkutano wa wauza pembejeo na wakulima kabla ya msimu wa kupanda. Waliokosa wameniomba niyaweke hapa, nami nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Wauza pembejeo wa Uyole, Mwanjelwa, Mbalizi na Tunduma, mwagonile. Nawaona pia ndugu zetu wa Makambako waliopanda basi alfajiri na baridi yote hii: kamwene.

Nimepewa nusu saa. Anayenijua anajua nusu saa kwangu ni salamu tu, kwa hiyo mwenyekiti akininyooshea saa nitajifanya sijaona.

Nianze na swali. Ni nani humu ndani hajawahi kuuziwa kitu feki? Anyooshe mkono. Naona mkono mmoja kule nyuma, na jirani yake anaushusha.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Naandika programu za kusoma picha. Shamba nimelima utotoni, kwa kulazimishwa, na leo nimekuja kuwaeleza namna picha ya simu inavyoweza kutusaidia kumjua mfuko feki. Lakini nawaomba mnivumilie nianzie shambani, kwa sababu huko ndiko nilikojifunzia.

Baba yangu mdogo analima Inyala. Msimu mmoja alinunua mbegu chotara za mahindi, mifuko sita ya kilo mbili mbili, kwa mtu aliyepita na bodaboda. Bei ilikuwa chini kidogo ya ile ya dukani. Risiti? Risiti ya bodaboda mtaipata wapi! Mvua ikaja vizuri, akapanda ekari yake na kipande. Wiki ya tatu nikaenda kumsalimia. Ukisimama kwenye kingo ya shamba lile ungedhani unaangalia wanafunzi waliopanga mstari mwalimu hayupo: mmoja mrefu, mmoja kachuchumaa, nafasi tatu hazina mtu.

Nikamuuliza, baba, hukuangalia rangi ya mbegu? Akanijibu kwa hasira kwamba aliangalia, zilikuwa nyekundu kabisa. Nyekundu! Jamani, rangi nyekundu sokoni ni shilingi ngapi? Mahindi ya kula ukiyapaka rangi yanakuwa mekundu kuliko hata mbegu yenyewe.

Mama mdogo alikuwa amebaki na mfuko mmoja mtupu, ametunzia chumvi. Na hapa ndipo bahati ilipoingia. Jirani yao alikuwa amenunua mbegu ya aina ileile kwenye duka analolijua, shamba lake limesimama vizuri, na mfuko wake alikuwa ameutundika jikoni ameweka mbegu za maharage. Nikaiomba yote miwili. Nikaiweka mezani, nikaita watu sita wa nyumba ile waniambie upi ni upi. Watatu wakasema huu, watatu wakasema ule. Hata mimi mwenyewe nilipojaribu nilikosea.

Nikaenda nayo mjini, kwenye steshenari, nikaipitisha kwenye skana kwa nukta 1200 kwa inchi. Kijana wa steshenari alidhani nimechanganyikiwa, mtu mzima anaskani mfuko wa chumvi.

Sasa nisikilizeni hapa. Picha ya kwenye simu au kompyuta ni nini? Ni gunia la namba. Kila nukta ya picha ina namba tatu, ya wekundu, ya ukijani na ya ubuluu, na kila namba iko kati ya 0 na 255. Basi. Simu haioni hindi, haioni nembo, haimwoni hata aliyeishika. Inaona namba. Na programu yangu inafanya kazi ileile ambayo mama zetu wanaifanya wakilinganisha vipande viwili vya kitenge: unalaza kimoja juu ya kingine, unavuta pembe zikutane, halafu unatazama maua yanapopishana. Programu inatafuta kwanza alama inazozitambua kwenye picha zote mbili, kona ya herufi, ncha ya jani, kisha inaivuta na kuinyoosha picha moja mpaka ilale sawasawa juu ya nyingine. Halafu inatoa. Kutoa kwa darasa la pili: namba hii kutoa namba ile. Palipofanana jibu ni sifuri, panakuwa peusi. Palipopishana panang'aa.

Mfuko wa baba mdogo uling'aa kama mji huu ukiutazama usiku kutoka mlima Loleza.

Nikakuza mahali palipong'aa zaidi, kwenye jani la hindi. Kwenye mfuko wa jirani, kijani kile kilikuwa wino mmoja, umechanganywa kabla ya kuchapwa, umelala bapa kama rangi ya ukutani. Kwenye mfuko wa bodaboda hapakuwa na wino wa kijani hata tone. Palikuwa na nukta za buluu na nukta za njano zilizosogezwa karibu karibu, na jicho lako ndilo linalozichanganya kuwa kijani. Herufi ndogo za anwani, nyeusi tupu kwenye halali, kwenye feki zilikuwa na ukingo wa waridi upande mmoja, kwa sababu rangi hazikukutana zilipochapwa. Aliyeiga alichukua picha ya mfuko mzima akaichapa kwa mashine ya rangi nne. Alipata umbo, hakupata wino.

Lakini subirini, msiende nyumbani mkasema nukta ndiyo dalili ya feki. Viko viwanda halali kabisa vinavyochapa vifungashio vyao kwa rangi nne, nukta tupu. Kwa hiyo nukta peke yake hazisemi kitu. Wino bapa peke yake hausemi kitu. Kilichosema ni mfuko wa jirani. Bila ule mfuko wenye maharage, ningejua nini? Nisingejua kitu. Ningebaki na picha nzuri ya mfuko wa chumvi.

Ndiyo maana naomba sana: kabla ya kuniuliza kama mfuko huu ni feki, nileteeni ulio halali. Wa bidhaa ileile, wa ujazo uleule, na ikiwezekana wa bechi mbili tatu tofauti, maana hata kiwanda chenyewe wino wa Machi si wino wa Oktoba. Nileteeni ulio halali kwanza.

Kuna watu wataniambia, wewe fundi, mbona siku hizi kuna alama za mraba, hizi za QR, unamulika na simu, kwisha. Ni kweli? Alama hizi zilibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave, kwa kazi ya kufuatilia vipuri vya magari viwandani. Zilitengenezwa zisomeke hata zikichafuka. Kwenye kiwango chake cha juu, alama inaweza kuharibika karibu asilimia 30 na bado simu ikaisoma. Sasa alama iliyobuniwa isomeke ikiwa na grisi, itashindwaje kusomeka ikiwa imekopiwa? Inasomeka vizuri tu. Mwenye mashine akichukua lebo moja halali akaikopi mara elfu moja, lebo zote elfu moja zitakujibu kwa adabu: mimi ni halali.

Kinachomkamata huyo ni daftari la namba zilizotolewa. Lebo za mbegu za TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, zina namba ya kukwangua unayoihakiki kwa simu. Wenye maduka ya vinywaji mnaijua programu ya TRA, mamlaka ya mapato, ya Hakiki Stempu. Hapo simu haipimi wino, inauliza daftari lililoko mbali. Zitumieni, tena zitumieni mbele ya mteja. Lakini mfuko usio na daftari nyuma yake unabaki na uso wake tu, na hapo ndipo picha inapoingia.

Na uso una jambo moja zuri. Mmewahi kuona cheti cha kuzaliwa kilichopigwa kopi ya kopi ya kopi? Ya kwanza muhuri unasomeka. Ya pili umekuwa kivuli. Ya tano ni doa, na karani anakurudisha nyumbani. Kila kopi inakula kitu. Watengenezaji wengine wanalitumia hilo kwa makusudi: wanaweka kwenye lebo mraba mdogo wenye nukta nyeusi na nyeupe, ndogo mno, kama unga uliomwagika kwenye lami. Ukiutazama unadhani mashine ilichafua. Ndio mtego. Anayeskani na kuchapa upya hawezi kuzirudisha nukta zile zote kama zilivyokuwa. Nyingine zinaungana, nyingine zinapotea. Programu inapima zimepotea ngapi. Uzuri wake, mwigaji hata akibadilisha mashine, upotevu haumwachi kirahisi.

Sasa niwape aibu yangu. Nimeahidi kusema yote.

Nilipotengeneza programu ya kwanza ya simu nilikuwa na kiburi. Nikaenda nayo Mwanjelwa, kwa mzee mmoja anayeuza pembejeo tangu mimi sijaanza shule. Nikapiga picha mfuko wa kwanza wa mbegu: feki. Wa pili: feki. Wa tatu, wa nne, feki, feki. Wateja wawili wakarudisha mifuko kwenye rafu na kuondoka. Mimi nimesimama katikati ya duka la watu kama hakimu. Mzee hakufoka. Akaniangalia, akaangalia juu, akasema: "Mwanangu, toka na hicho kisimu chako nje, kaanike juani kwanza."

Nikatoka. Nikapiga picha mfuko uleule juani. Halali. Nikarudi ndani: feki. Mmeshajua? Duka lile mbele lina turubai la bluu. Mwanga wote unaoingia umepita kwenye turubai. Kila mfuko mle ndani ulikuwa na ubuluu ambao haukutoka kiwandani, na programu yangu, na namba zake zote, iliona ubuluu ikahukumu. Nilimpigia mzee magoti, na wateja wale wawili tulikwenda kuwatafuta mimi na yeye hadi stendi.

Dawa yake ni karatasi nyeupe. Karatasi ya kawaida ya steshenari. Unaiweka kando ya mfuko unapopiga picha. Programu inajua karatasi inapaswa kuwa nyeupe. Ikiiona ya bluu inajua ni mwanga, inarekebisha picha nzima. Shilingi mia moja. Ningeijua mapema nisingepiga magoti.

Na mifuko inayong'aa isogezeni kivulini, karibu na mlango, simu isiwashe taa. Ile taa ikigonga plastiki inaacha doa jeupe ambalo chini yake hakuna cha kupima.

Kuna kosa la pili, hili ni letu sote. Ndugu mmoja wa Tunduma alinitumia picha thelathini kwa WhatsApp. Programu ikasema zote feki, na safari hii turubai halikuwepo. Tatizo lilikuwa njiani. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, inabanwa ili iwe nyepesi. Ubanaji wa picha za JPEG unaikata picha vipande vya nukta 8 kwa 8, na katika kila kipande unatupa vitu vidogo ambavyo jicho halitavihitaji. Jicho halivihitaji, mimi ndivyo ninavyovitafuta! Ni kama kunitumia gunia la mchele uliokwisha kupepetwa halafu uniombe nipime pumba. Tumeni kama faili, kama mnavyotuma barua ya mkopo. Inakula bando, najua.

Wenye maduka, hesabu hii ni yenu. Tuseme kwenye ghala kuna mifuko 1000, na 20 ni feki. Tuseme programu ni hodari: kwenye feki 100 inakamata 95, na kwenye halali 100 inaikosea 5 tu. Nzuri, si ndiyo? Haya. Kwenye feki 20 itakamata 19. Kwenye halali 980 itazisingizia 49. Jumla imenyooshea kidole mifuko 68, na 49 kati yake haina kosa. Yaani simu ikisema feki, kwenye ghala hilo, mara nyingi zaidi inasema uongo! Nimewaambia hivi makusudi, kwa sababu najua kuna mtu humu atatoka na simu yake akamtangaze jirani yake kwenye kundi. Usimtangaze. Simu ikisema feki, maana yake ni: mfuko huu uangaliwe tena. Uweke kando, mwite mkaguzi. Mbegu ni TOSCI, mbolea ni TFRA, viuatilifu ni TPHPA, na alama za bidhaa kwa jumla ni Tume ya Ushindani, FCC. Mkaguzi anachukua sampuli na kuipeleka maabara. Picha haina maabara.

Na hapo niseme jambo ambalo wauza programu hawalisemi. Picha inapima kifungashio. Haipimi kilichomo. Mtu akiokota chupa halali ya dawa, akajaza maji yenye rangi ya maziwa, akafunga vizuri, programu yangu itasema halali, na itakuwa imesema kweli kuhusu chupa. Kwa nini chupa tupu zina wanunuzi? Mmeshajiuliza? Basi chupa ya kiuatilifu ikiisha, isuuzeni mara 3, maji yake yarudi kwenye bomba la kupulizia, halafu itobolewe. Chupa iliyotobolewa haina mnunuzi. Lebo yake ipigeni picha kabla, na karatasi nyeupe pembeni. Mimi nahitaji uso, chupa siihitaji. Mifuko ya mbegu tu ndiyo mnitunzie yenyewe.

Mama mmoja wa Tembela, mkulima wa viazi, aliniletea chupa ya dawa ya ukungu. Aliiona tarehe yake inamtazama vibaya, alivyosema yeye. Muda wa mwisho ulisomeka 2028. Tarehe nyingi za kiwandani hurushwa kwa mashine ya wino, nukta nukta, na nukta hizo zinalingana kama punje kwenye gunzi. Tukaimulika kwa tochi kutoka ubavuni, simu juu. Ile 8 ya mwisho ilikuwa na nukta tatu upande wa kushoto zilizonenepa kuliko wenzake, wino wake umetambaa pembeni, moja ina mkia. Ondoa nukta hizo tatu: unabaki na 3. Mtu alikaa mahali na kalamu ya maka, kwa utulivu, akaongeza miaka mitano.

Kisha mama akageuza chupa akatuonyesha upande wa pili, ambao mimi fundi na tochi yangu sikuugusa. Tarehe ya kutengenezwa: 2021. Mwenye kalamu alisahau upande ule. Mama akaniuliza, dawa gani ya ukungu inakaa miaka saba? Nikazima tochi.

Nawaona mnacheka, lakini huyo ndiye mwenzangu ninayemtaka kwenye kazi hii. Programu nitaiandika mimi. Zinaandikika, zana zake ziko wazi, hata vijana wetu wa chuo hapa Iyunga wanaziweza. Nisichoweza kuandika ni mfuko halali wa bechi ya mwaka huu, ulionunuliwa kwa risiti, wa kila mbegu inayouzwa kuanzia Tunduma mpaka Makambako. Huo uko rafuni kwenu na jikoni kwenu, una chumvi.

Mwenyekiti amesimama, kwa hiyo nimemwona. Pale mlangoni kuna meza. Kuna daftari, kuna bahasha, kuna karatasi nyeupe sitini. Ukiwa na mfuko mtupu wa halali, andika umenunua wapi, lini, ambatisha risiti au picha ya risiti, weka kwenye bahasha. Usioshe, usipige pasi, makunyanzi tunayahitaji. Kisha chukua karatasi yako. Na yule mzee wa Mwanjelwa niliyemsimulia yupo, yule pale amekaa karibu na dirisha. Amekuja na turubai lake la bluu, amelikunja chini ya kiti. Anasema atalitundika juu ya meza yangu na hatalitundua mpaka nipitishe mfuko wake mmoja chini yake, mbele yenu wote, nione simu itasema nini leo. Twendeni mezani.